Tusiwakalishe Wazee Wetu Mpaka Waanguke



Wapendwa wanaparokia, yeyote anayehudhuria mazishi mara kwa mara, kama inavyompasa paroko, huizoea historia ya marehemu jinsi inavyosomwa: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto na wajukuu, kisha aya ya ugonjwa. Marehemu anapokuwa mzee wa miaka sabini au themanini, katika aya hiyo huwamo sentensi moja fupi ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naingojea kabla msomaji hajaifikia. Husemwa: afya yake ilianza kuzorota baada ya kuteleza na kuanguka. Msomaji hatui hapo. Anapita haraka kwenda kwenye presha, sukari, hospitali alikolazwa na shukrani kwa madaktari, na mwishowe tunaambiwa kwamba yote yalikuwa mapenzi ya Mungu.

Juma hili naomba tutue kwenye sentensi hiyo tunayoipita. Mimi sikubali kwamba kila mzee anayekufa kwa kuanguka ameitwa na Mungu kwa njia hiyo. Wengi wao tumewaangusha sisi watoto wao, tena kwa upendo, na kazi ya kuwaangusha tuliianza miaka kadhaa kabla, siku ile tulipowaambia: "Kaa tu, Mama. Umefanya kazi ya kutosha."

Huku kwetu mlimani jambo hili lina sura yake, nanyi mnaifahamu kuliko mimi. Watoto wamefanikiwa Dar es Salaam, Arusha, wengine ng'ambo. Wanapanda Krismasi na magari yao, wanamkuta mama yao ndani ya kihamba ameinama anakata majani ya ng'ombe, na wanaona aibu. Majirani watasemaje? Basi panafanyika kikao cha familia. Nyumba ya zamani inabomolewa, inajengwa mpya yenye marumaru zinazong'aa kuanzia barazani hadi bafuni. Ng'ombe anauzwa. Anatafutwa binti wa kazi. Linaletwa kochi kubwa, laini, ambalo ukilikalia linakumeza, na mbele yake runinga. Januari watoto wanashuka mjini wakiwa na amani moyoni kwamba Amri ya Nne wameitimiza. Kila Jumapili jioni wanapiga simu: "Mama, unapumzika?" Naye, kwa kuwa hataki kuwaudhi, anajibu: "Napumzika, mwanangu."

Anapumzika kweli. Mama ambaye hadi mwaka jana alikuwa anaruka mfongo, anapanda kilima kwenda kanisani, anainama na kuinuka mara mia kwa siku, anabeba mkungu wa ndizi ubavuni, sasa ameketi kuanzia chai ya asubuhi hadi Habari ya saa mbili. Chai anapelekewa pale pale. Maji ya kunawa anapelekewa pale pale. Akitaka kuinuka achukue miwani yake dirishani, binti wa kazi, aliyeagizwa vikali na wenye mshahara, anamwahi: "Kaa, Bibi, nakuletea." Miaka miwili hivi inapita. Kisha usiku mmoja Bibi anaamka kwenda msalani, taa haijawashwa, sakafu ina maji, mguuni ana ndala zilizolika, na ile miguu iliyokuwa inaruka mfongo haina tena nguvu ya kumrudisha anapoyumba. Asubuhi simu inapigwa Dar es Salaam.

Nani amemwangusha? Maji yale? Uzee?

Uzee una sehemu yake, siukani. Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, mifupa huwa myepesi, hasa kwa akina mama baada ya hedhi kukoma, macho hufifia, na kile kiungo kidogo kilichomo ndani ya sikio kinachotujulisha kama tumesimama wima au tumeinama hupoteza wepesi wake. Mwili hutegemea vyote hivyo kwa pamoja ili usianguke: jicho lione, sikio la ndani lihisi, unyayo ujue umekanyaga nini, kisha msuli wa paja na wa kifundo uitikie upesi. Lakini kinachopungua polepole kwa umri hupungua kwa kasi ya kutisha kwa kukaa. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wazee kumi na mmoja wenye afya njema, wenye wastani wa miaka 67. Waliwalaza kitandani siku kumi tu, bila ugonjwa wowote. Katika siku hizo kumi wazee hao walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, na nguvu ya misuli ya mapaja ikashuka kwa takribani asilimia 16. Mtu ataniambia kiti si kitanda. Ni kweli. Kiti hufanya kazi ile ile kwa mwendo wa taratibu, na kwa sababu ya utaratibu huo hakuna anayekishuku.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele. Nadhani aliyeitunga methali hiyo alikuwa kijana. Kijana akijikwaa, mguu wa pili hutangulia mbele kabla yeye mwenyewe hajafikiri, naye kweli huenda mbele. Mzee aliyekalishwa miaka miwili hana huo mguu wa pili. Ubongo unauagiza, nao unachelewa. Kwake kujikwaa na kuanguka ni jambo moja.

Na kuanguka kwenyewe kuna gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba kati ya vifo vinavyotokana na ajali, kuanguka ni sababu ya pili, ikitanguliwa na ajali za barabarani tu. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu na kwa wenzetu, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Shirika hilo hilo linasema kwamba miongoni mwa wenye miaka 65 na kuendelea, takribani mtu mmoja kati ya watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Tunahubiri, na ni vema, juu ya bodaboda na mwendo kasi. Juu ya bafu la nyumbani hatujasema neno.

Katika kuanguka kote, kunakotisha zaidi ni kule kunakovunja nyonga, yaani shingo ya mfupa wa paja mahali unapoingia kwenye kiuno. Mzee aliyevunjika hapo hawezi kusimama. Pasipo upasuaji hulala wiki nyingi, na kulala huko ndiko kunakomuua: mapafu hujaa, damu huganda kwenye mishipa ya miguu, vidonda vya kitandani hufunguka mgongoni na visiginoni. Hata katika nchi tajiri ambako hupasuliwa ndani ya siku moja au mbili, takribani mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne hufariki kabla mwaka haujaisha, na wengi wanaobaki hawarudi kutembea kama zamani. Basi fikirieni mzee wa kwetu ambaye kwanza amechuliwa kwa mafuta juma zima na jirani mwenye sifa ya kuunga mifupa. Hapa naomba msinielewe vibaya, nawaheshimu wazee wenye ujuzi wa jadi. Lakini mzee akianguka, akashindwa kuukanyagia mguu, na mguu huo ukaonekana mfupi kuliko mwenzake na umepinduka kwa nje, huyo asiguswe na mafuta. Asivutwe kwa nguvu asimamishwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, amelazwa, si amekalishwa nyuma ya pikipiki.

Wapo wanaoona kuanguka ni aibu, wakamficha mzee aliyeanguka au wakanong'ona kwamba amerogwa. Hao nawakumbusha Mapapa wetu. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyekuwa mtu wa milima, wa kuteleza kwenye theluji na wa kuogelea, alianguka Novemba 1993 mbele ya wageni akategua bega. Miezi michache baadaye, Aprili 1994, aliteleza bafuni akavunjika mfupa wa paja, akapasuliwa na kuwekewa nyonga ya bandia. Alikuwa na miaka 73. Benedikto XVI, akiwa na miaka 82, alianguka usiku chumbani mwake alipokuwa likizoni katika milima ya kaskazini mwa Italia, Julai 2009, akavunjika kiwiko cha mkono karibu na kiganja. Papa Fransisko alianguka katika makazi yake ya Santa Marta tarehe 16 Januari 2025 akaumia mkono wa kulia. Watu waliozungukwa na walinzi na madaktari, na wote wameanguka. Wawili kati yao wameumizwa na bafu na chumba cha kulala, mahali ambapo mlinzi haingii. Sijasikia mtu akisema Mapapa walirogwa.

Sasa nisikilize hoja za wanaonipinga, kwa maana nilipoligusia jambo hili katika vikao vya Jumuiya Ndogo Ndogo nilijibiwa, tena kwa ukali.

Wa kwanza husema: Padre, mama yetu ametulea kwa jembe, amechoka, anastahili kupumzika. Anastahili. Lakini pumziko ni tofauti na kukalishwa. Pumziko ni la mtu aliyefanya kitu. Hufuata kazi kama usiku unavyofuata mchana. Ukimwondolea mtu mchana wote ukamwachia usiku mtupu, hujampumzisha. Na mwangalieni vizuri huyo mama mnayesema amepumzika. Hana la kusimulia jioni. Hajui kuku wangapi wametaga. Akitoa shauri juu ya kihamba anaambiwa asijisumbue. Mmemnyang'anya miguu na neno kwa pamoja, halafu mnashangaa kwa nini siku hizi amenyamaza.

Wa pili husema: akianguka akiwa shambani, watu watatusema. Hoja hii angalau ni ya kweli, maana inasema wazi nani anayelindwa. Analindwa mtoto na maneno ya majirani. Mama akivunjikia bafuni kwenye marumaru, hakuna atakayekusema. Watakuja na pole na kusifu nyumba. Kwa hiyo tumechagua kuanguka kusikotuaibisha.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemhurumia, husema: Padre, baba mwenyewe hataki, tangu alipoanguka mara moja, hataki hata kutoka nje. Naam. Woga wa kuanguka ni ugonjwa ndani ya ugonjwa. Mzee akishaanguka mara moja huogopa, akiogopa hukaa, akikaa miguu hulegea, miguu ikilegea huanguka tena. Mzee wa namna hii hafai kukemewa, wala kuambiwa ajikaze. Anahitaji mtu wa kusimama kando yake, mkono karibu na kiwiko chake bila kumshika, kila siku, mpaka aone kwamba mwili wake bado unamtii. Mtu huyo ni nani kama si mwanawe au mjukuu? Fedha za simu hazisimami kando ya mtu.

Wa nne husema mazoezi ni mambo ya Wazungu na ya matajiri wenye matumbo. Hapa nawasihi tutafakari kwa makini, maana yaliyogunduliwa kuhusu wazee na mazoezi yangepaswa kuhubiriwa barabarani. Mwaka 1990, mjini Boston, Marekani, watafiti waliwachukua wazee kumi dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi. Tisini, nasema. Wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa juma nane, chini ya uangalizi. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha fimbo walizokuwa wakitembelea. Msuli wa mtu wa miaka tisini bado unajibu ukiitwa! Sisi tumekwisha kuuzika mwili ambao Muumba bado hajauzika.

Huko New Zealand, katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Otago kiliandaa mpango wa mazoezi ya nyumbani kwa wazee, wakiwamo akina mama wa miaka themanini na zaidi. Mtaalamu alimfuata mzee nyumbani kwake, akamfundisha kuimarisha miguu na kusimama bila kuyumba, akarudi mara chache kuona anaendeleaje, na mzee akaendelea mwenyewe. Majaribio ya mpango huo yalipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa takribani asilimia 35. Na mwaka 2019 yalichapishwa mapitio makubwa ya majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 katika nchi 25: kwa ujumla mazoezi yalipunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 23. Dawa ya kidonge ingeleta matokeo hayo, tungepanga foleni.

Lakini mapitio hayo yana jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na mimi naliona ndilo kiini. Yaliyozuia kuanguka si mazoezi yoyote. Ni yale ya mizani ya mwili, yaani kujizoeza kusimama, kugeuka, kuinuka na kuhamisha uzito bila kuyumba, na zaidi yakichanganywa na yale ya kutia misuli nguvu. Kutembea peke yake hakukuthibitika kwamba kunazuia kuanguka. Kutembea kuna faida nyingine nyingi, kwa moyo, kwa sukari, kwa usingizi, na sisemi mtu aache. Nasema tusijiridhishe kwamba kumtembeza Babu hadi getini na kumrudisha kochini kumetimiza haki yote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe angalau dakika 150 kwa juma kwa kiasi cha kuhema kidogo, watie misuli nguvu angalau siku mbili, na juu ya hayo wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kila juma.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani ili kisisogee. Mzee akae, kisha ainuke bila kujisukuma kwa mikono, akae tena polepole. Mara tano leo. Baada ya mwezi, mara kumi. Ashike ukingo wa meza imara, ainuke kwa vidole vya miguu, ashuke. Asimame kwa mguu mmoja huku ameshika meza, kwanza kwa muda wa kuhesabu hadi tano, na baadaye kwa muda wa Salamu Maria moja. Atembee kandokando ya meza, kiubavu. Aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, kama anayepita juu ya gogo, mkono ukiwa ukutani. Mtu awe karibu. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kizunguzungu, aliyevunjika karibuni au aliyepasuliwa, amwone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi likiwa jepesi mno halisaidii. Mwili hujifunza kutoyumba pale tu unapokaribia kuyumba, na ndiyo sababu mtu awe karibu.

Na shamba je? Nimeulizwa kama nataka akina bibi warudishwe kukata majani. Wanaotaka na wanaoweza, ndiyo, wasizuiwe. Kuinama, kuinuka, kubeba kidogo na kupanda kilima ni mazoezi ya mizani ambayo babu zetu hawakuyalipia. Ila pasiwepo hila hapa. Yupo mzee wa aina ya pili katika parokia yetu, ambaye hakukalishwa na mtu kwa sababu hana wa kumkalisha: bibi wa miaka sabini na tano anayelea wajukuu wanne, anayechota maji ndoo ya lita ishirini kwenye njia ya tope wakati wa masika. Huyo msimhesabie anafanya mazoezi. Huyo anaanguka kwa mzigo, na anahitaji vijana wa jumuiya yake wamchotee maji na kumchimbia vidato kwenye njia ya mtoni. Upendo kwa wazee wawili hauwezi kuwa wa namna moja. Mmoja apunguziwe, mwingine arudishiwe.

Nyumba nazo zitazamwe. Mwenye fedha ya kununua marumaru anayo ya kununua zile zenye mikwaruzo, zisizoteleza, na kama zimekwisha kuwekwa, mkeka wa mpira bafuni unapatikana sokoni. Chuma cha kushikia kando ya choo, ambacho fundi wa kuchomelea madirisha anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Taa au tochi karibu na kitanda. Zulia dogo lililokunjamana mlangoni liondolewe hata kama lilitoka Dubai. Ndala zilizolika zitupwe, apewe kiatu kinachofunga kisigino. Khanga na gauni lisiburuze. Mwenye mtoto wa jicho apelekwe apasuliwe. Kuona ni nusu ya kusimama. Na dawa za presha na za usingizi: asiache mtu kwa shauri langu, lakini mzee anayepata kizunguzungu kila anapoinuka amwambie daktari, maana dawa au kipimo chake huenda vinahitaji kubadilishwa. Kwenye dirisha la wazee hospitalini huulizwa presha na sukari. Asipoulizwa kama ameanguka mwaka huu, basi aseme mwenyewe.

Nyumba ya Mungu isiachwe nyuma. Katika makanisa mengi tunayoyajenga, kamati za ujenzi huchanga mamilioni kwa ajili ya sakafu ya altare ing'aayo kama kioo na ngazi pana za mbele zisizo na pa kushika, kisha tunashangaa kwamba wazee hawaonekani Dominika na tunaanza kuwapelekea Komunyo nyumbani kama wagonjwa. Wengine si wagonjwa. Wanaogopa ngazi. Nimesikia mjumbe mmoja wa kamati akisema vyuma vya kushikia vitaharibu sura ya kanisa. Sura ya kanisa ni watu wanaoingia ndani yake. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003, na tangu mwaka 2021 Kanisa zima lina Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee kila Dominika ya nne ya Julai. Siku hiyo tunawaita mbele, tunawapa khanga, tunawapiga picha. Nani amewahi kuangalia wanashukaje ngazi wakirudi?

Kwa ninyi wazee wenyewe mnaosomewa tafakari hii na wajukuu, shikamooni. Mkono usiwe mzito kukataa. Akikuambia "Kaa, nakuletea," mjibu: "Niache nichukue mwenyewe, wewe simama hapo karibu." Na fimbo si alama ya kushindwa, ilimradi ina mpira chini, na kimo chake kinafika kwenye kifundo cha mkono ukisimama mikono imelegea. Ndefu kupita kiasi hukusukuma nyuma, fupi hukuinamisha.

Kuanzia Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, tutakutana ukumbini kwa nusu saa. Muuguzi mstaafu wa parokia yetu amekubali kutuongoza, na vijana wa VIWAWA kumi na wawili watasimama kando ya viti, kila mmoja na mzee wake. Mnaokuja Krismasi, panga kukaa siku moja zaidi mje nao ili muone wanachofanya na kukiendeleza nyumbani. Michango haihitajiki. Vyuma vya ngazi ya mlango wa kusini vimepimwa, fundi ataanza Jumatatu. Kila mzee aje na kiatu kinachofunga kisigino. Atakayekuja na ndala atakaa pembeni akitazama, na najua hakuna atakayependa hilo.

Paroko wenu.